Shingo Chini ya Kishungi

Kafili wangu, Msaudi aliyenidhamini nchi hii, aliingia dukani mteja akiwa na povu shavu moja.

"Mzee, acha huyo. Yalla."

"Na mimi?" mteja akauliza. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa Machakos, mwenye mdomo mrefu.

"Wewe ngoja. Ndevu hazikimbii," nikamwambia, lakini nikammaliza kwanza. Sijawahi kumwacha mtu nusu. Nikamfuta, nikampaka kolonya, nikasimama nyuma yake, nikamshika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, nikamzungusha kichwa polepole kama mtu anayecheza tu, kisha nikapinda ghafla. Ka! Upande wa pili, ka! Akacheka kwa raha. Hapa Riyadh vinyozi wa Batha na Al-Murabba wengi humaliza hivyo. Mteja asipovunjwa shingo huona hakunyolewa, na kesho yake unamkuta kwa jirani.

Mimi sikusomea. Darasa la tatu ndilo lililokuwa la mwisho kwangu. Nilikuja nchi hii kufagia, nikajifunza kunyoa kwa kunyoa, na nyumba ya mawe niliyoijenga nyumbani na watoto waliosoma hadi wakachoka kusoma wametoka kwenye vidole hivi. Najivuna, ndiyo. Nani mwingine atajivuna kwa ajili yangu?

Ndani ya gari kafili akanieleza. Wapiga mieleka wa Kijapani wamekuja kwa maonyesho, Riyadh kwanza kisha Jeddah. Wale wanene wanaosukumana nusu uchi. Walikuja na msusi wao mmoja, mzee, na mzee huyo ameteleza bafuni hotelini, kifundo cha mkono kimevunjika. Sasa kuna vichwa vinane havina wa kuvifunga. Hoteli iliwaletea kinyozi mwingine kutoka mtaa wa maduka ghali. Akaviangalia vile vichwa, akasema dawa ni kukata zote, watapata hewa. Walimtoa nje.

"Nikawaambia ninaye Mwafrika mwenye vidole vyepesi," kafili akasema. "Usiniaibishe."

"Na ikama yangu? Kibali cha kukaa kimeandikwa dukani, hakikuandikwa hotelini."

"Mafi mushkila. Mimi si ndiye kafili wako?"

Hiyo mafi mushkila, hakuna shida, nimeisikia miaka mingi. Mara nyingi shida huwa iko mlangoni, inavua viatu.

Walikuwa wamekaa sakafuni katika chumba kikubwa, kimya, kila mmoja kama gunia lililoshonwa mdomo. Nywele ndefu nyeusi zimewaangukia mabegani. Msusi mzee alikaa kwenye kigoda, mkono wa kulia umefungwa plasta, wa kushoto umeshika kitana cha mti. Mwembamba, uso umekunjamana, macho ya mtu anayekasirika mapema. Kando yake alisimama binti wa Kisaudi wa kufasiri. Kijapani alikipenda kwenye katuni utotoni, akaenda kukisomea hukohuko. Mimi na yeye tulielewana kwa Kiarabu changu cha dukani.

"Karibu, ya ammi," akaniambia, yaani ami. "Anza na huyu, ndiye mkubwa wao."

Mkubwa wao alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, uso mpana wenye utulivu, masikio yamesagika kama chapati zilizokunjwa. Akainamisha kichwa kidogo. Nikazigawanya nywele kwa vidole, na pale utosini nikaona kipara cha mviringo, kama kiganja cha mtoto. Nikarudi nyuma hatua mbili na mikono juu.

"Marad!" nikamwambia binti. "Huyu ana ugonjwa. Haya ni mapunye. Shuleni kwetu tuliita mashilingi. Sishiki hapa bila glavu na spiriti."

Binti akafasiri. Chumba kizima kikacheka, na watu wale wakicheka sakafu huisikia. Msusi mzee peke yake hakucheka. Akaeleza, binti akanigeuzia: nywele zikiwa nyingi huzinyoa pale katikati kwa makusudi, ili kishungi, lile fungu la nywele linalokunjwa utosini, kilale vizuri na joto litoke. Mimi kinyozi mzima nimekimbia kipara kilichonyolewa na kinyozi mwenzangu! Yule mkubwa akageuka, akasema kitu, na binti akafunika mdomo.

"Anasema usiogope, ya ammi. Kama ni ugonjwa, ameshawaambukiza wote."

Basi tukaanza. Unazilainisha nywele kwa maji ya moto. Unapaka mafuta magumu kama nta, yenye harufu tamu inayobaki kwenye mkono hata ukioga mara mbili. Unachana hadi kila unywele unalala kama uzi. Kisha unakusanya kisogoni na kufunga kwa kamba ya karatasi ngumu, na hapo mikono miwili haitoshi. Mwisho wa kamba unaushika kwa meno na kuvuta, paji lako la uso karibu liguse kichwa chake. Mimi jino moja la mbele lilibaki Karantina, mtaa mmoja wa Jeddah, zamani, kwa hiyo kamba ilinichomoka kila mara. Msusi mzee aliponiona navuta kwa meno ya pembeni kama mbwa mwenye mfupa, ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza.

Lakini alikuwa mkali. Kila nilipomwinamisha yule mkubwa mbele ili nifikie kisogo, alinipiga kwenye vifundo vya vidole kwa kitana. Ta! Nikasema moyoni, mzee mwenzangu, ningekuwa kwetu ningekurudishia. Wale wengine saba niliwainamisha nilivyotaka, hakunipiga. Ni huyo mmoja tu. Niliona tofauti hiyo siku ya kwanza, nikadhani ni heshima ya ukubwa.

Kichwa kikichanwa, mdomo hufunguka. Hilo ni kila mahali. Asubuhi baada ya asubuhi yule mkubwa alinisimulia maisha yake, na binti akifasiri huku akinywa kahawa yake ndogo.

Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu. Yeye aliingia kambi ya mieleka akiwa na miaka kumi na tano, kwa sababu alikuwa mnene na walimu walimchoka. Alifagia. Alipika chungu cha mchuzi wa watu wote na akala wa mwisho, mabaki na maji yake. Aliwasugua wakubwa migongo. Mshahara hakuna. Ukishinda zaidi ya unavyoshindwa, unapanda. Ukishindwa zaidi, unashuka. Hakuna kumjua mtu. Akapanda hadi akavuka ule mstari ambapo mtu hulipwa, hupewa mkanda wa hariri, na vijana humsugua yeye. Akapanda tena, hadi kwa wale wakuu. Siku moja alimwangusha bingwa mkubwa kabisa, watu wakarusha mito ya kukalia hewani hadi akashindwa kuona njia ya kutoka.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa niko juu ya mstari, vidole vya miguu vimeshika ukingo," akasema. "Nikikosa mashindano nashuka. Nikishuka, narudi kusugua mgongo wa mtoto niliyemfundisha kufagia."

Kulikuwa na jingine. Chama chao kina haki ya uzee. Ukidumu juu ya mstari muda unaotakiwa, ukistaafu unaweza kubaki ndani, ukafundisha, ukala hapo hadi uzeeni. Ukipungukiwa hata kidogo, wanakukata kishungi na unatoka mlangoni. Yeye alibakisha mashindano mawili.

"Mwili huu nje ya ulingo ni wa kazi gani, Mzee?" akaniuliza. Jina hilo la Mzee alilisikia kwa walinzi Wakenya wa hoteli, akalishika. "Hata teksi hainitoshi."

Nilimpenda. Sipendi watu kwa urahisi, ila huyu alitoka chini kabisa kama mimi, na hakulialia. Binti alinieleza kwamba kwao mtu wa mieleka hasemi anaumia. Akivunjika kidole hukifunga na kunyamaza. Nikasema hiyo ni nidhamu nzuri. Nilisema hivyo kabla sijajua.

Asubuhi ya onyesho la Riyadh nilimfunga vizuri kuliko siku zote. Kishungi kililala juu ya utosi kama jani, hakuna unywele ulionyanyuka. Msusi mzee akakizunguka, akakikagua, akakosa cha kunipiga. Akarudi kigodani, akachukua bilauri yake ya chai, akatazama dirishani. Ilikuwa sifa hiyo, na mimi nikavimba kichwa.

Mikono ikaenda yenyewe. Naapa sikufikiri. Kazi imekwisha, mteja yuko mbele yako, mikono inajua kinachofuata. Kiganja chini ya kidevu. Kiganja kisogoni. Nikamzungusha kulia, shwaya shwaya, polepole, nikamrudisha. Nikazungusha kushoto, nikakusanya nguvu ya kupinda.

Mkono wake wa kushoto ukanyanyuka gotini peke yake. Ulitikisika kama kuku aliyekatwa kichwa. Mwenyewe hakuutazama, hakujua kama umenyanyuka. Kisha mkono wa kulia ukanidaka kifundo, na kwenye kioo cha ukutani nikauona uso wake. Mdomo wazi, hakuna sauti. Macho ya mtu aliyesimama ukingo wa paa na kigae kimeteleza.

Bilauri ikapasuka ukutani. Msusi mzee aliirusha. Alikuja na plasta yake na kitana chake akipiga kelele, akanisukuma kifuani, kisha ghafla akanyamaza, akaenda kufunga mlango. Wale wengine walikuwa bado kwenye kifungua kinywa. Tulikuwa wanne tu.

Binti amekuwa mweupe. "Ya ammi, umefanya nini?"

"Ni kazi yetu! Kila kinyozi hufanya! Mwambie kila kinyozi hufanya!"

Mikono yangu ilikuwa imebaki hewani, imeshika kichwa ambacho hakipo. Sikuweza kuishusha.

Wakaniambia. Mwaka uliopita aligongana na mtu kichwa kwa kichwa, jinsi wanavyoanza, kitu kikalia ndani ya shingo. Tangu hapo vidole vya kushoto huja na kwenda. Daktari wa mbali, asiyejulikana na kambi, alimpiga picha akamwambia aache, la sivyo siku moja atagongana na mtu na hatainuka, shingo chini hakutakuwa na mtu. Picha hiyo yeye mwenyewe akaichana. Aliyejua ni msusi mzee peke yake, kwa sababu msusi ndiye anayekishika kichwa kila siku. Alikihisi kwenye vidole. Mwaka mzima amekuwa akimfunga nywele bila kumwinamisha, na ndiyo maana ya vile vipigo vya kitana.

Mzee yule akanishika mkono wa shati. Sauti ilikuwa nyingine kabisa.

"Anasema wewe ni mtu wa vichwa kama yeye," binti akafasiri. "Anakuomba unyamaze. Mashindano mawili tu."

"Mwambie nusura nimuue mtu wake!"

"Anajua. Anasema sasa na wewe unajua, kwa hiyo hutamuua."

Nikamgeukia binti. "Na wewe utasema?"

"Mimi ni mdomo wa watu wengine, ya ammi. Wangu haumo."

Kuna jambo ambalo wao hawakulijua. Nilipofika nchi hii nilikaa Karantina, chumba kimoja na mtu wa kwetu aliyekuwa akibeba mizigo bandari ya Jeddah. Alikuwa na kifua kama mlango. Siku moja mzigo ulimwangukia shingoni. Walipomrudisha kutoka hospitali alilala kwenye godoro karibu na mlango akingoja karatasi za kumrudisha kwao, na mimi nikawa namnyoa kila Ijumaa. Kidevuni alihisi wembe. Chini ya hapo, hakuna. Alikuwa akiniambia, "Bwana, nikune mguu." Nami nakuna. "Umekuna?" "Nimekuna." "Asante." Kila Ijumaa alishukuru kwa kitu ambacho hakukipata. Sikuwahi kumsimulia hata mke wangu. Siku ile hotelini mguu ule ukanirudia, na kucha zake nilizozikata mimi.

Onyesho la Riyadh nililitazama nyuma ya pazia. Ulingo wao ni duara la kamba ya majani juu ya udongo. Wanarusha chumvi, wanachuchumaa, wanakaziana macho, halafu wanarukiana. Ukiona kwenye simu unadhani ni nyama mbili zinapigana. Ukiwa karibu unasikia mfupa. Yule mkubwa aliingia na kichwa, kama alivyoingia maisha yake yote. Pwaa! Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amemsukuma mwenzake nje, anainama kwa heshima, na mkono wa kushoto umening'inia kama nguo iliyoanikwa.

Alipiga picha na watu wote walioomba. Alitabasamu. Nilipokuja kumfungua nywele, walimletea chai, akashika bilauri ya moto kwa kushoto, kiganja kizima, akaishika tu. Mimi niliigusa nikaungua. Nikamnyang'anya. Kiganja kilikuwa chekundu, naye akanitazama kwa mshangao kama mtu aliyeamshwa.

Kuanzia hapo sikula vizuri. Nilikuwa na hofu mbili, na sitadanganya kwamba ya kwanza ilikuwa ya kiungwana. Ya kwanza ilikuwa yangu mwenyewe. Mtu huyu akianguka, wataulizana nani aliyeshika shingo yake mwisho. Watasema ni Mwafrika mmoja wa Al-Murabba, ambaye karatasi zake haziko hotelini. Kafili atasema hanijui. Ya pili ilikuwa ile ya Karantina. Nikimwambia mkuu wa kambi yao, nimemkata mtu mkate aliousubiri tangu akiwa na miaka kumi na tano. Nikinyamaza, labda kuna godoro linamngoja. Nilikuwa namtazama akitembea kwenye korido na kuhesabu kila mtu anayempita karibu asije akamgonga.

Tulipanda ndege hadi Jeddah. Yeye alichukua viti viwili, mimi nikakaa nyuma yake. Ndege ilipotua kwa kishindo niliinuka nusu na kunyoosha mikono kukikamata kichwa chake. Abiria wa kando akaniuliza, "Mzee, mara yako ya kwanza kupanda?"

Onyesho la Jeddah lilikuwa alasiri. Ratiba ilimpa mpinzani mmoja wa wale saba, kijana wa kambi nyingine, mfupi, mzito, anayeingia chini na paji la uso kama mbuzi dume. Nilimwona akifanya mazoezi asubuhi, akiugonga mto mkubwa ukutani. Kila alipogonga, nilijishika shingo.

Walipokuja kwa nywele nikaweka kitana mezani.

"Mwambie sifungi."

Binti akanitazama. "Ya ammi..."

"Mwambie hivyo hivyo. Nimenyoa wagonjwa, nimenyoa maiti. Sifungi nywele za mtu anayejipeleka kaburini."

Msusi mzee akaanza kufoka. Yule mkubwa akainua mkono wa kulia, akamnyamazisha. Alinijibu polepole.

"Anasema usipomfunga ataingia nywele zikiwa wazi. Itakuwa aibu, lakini ataingia."

"Basi asikilize kwanza." Nikamsimulia habari za yule mtu wa Karantina. Yote. Godoro, wembe, mguu. Kiarabu changu kilikuwa kinaniishia, nikawa naonyesha kwa mikono. Binti alifasiri hadi mahali pa asante, akamalizia akitazama zulia. Msusi mzee akakaa chini.

Yule mkubwa alinisikiliza hadi mwisho. Akageuka, akanipa kisogo, akangoja.

Ningefanya nini? Nikamfunga. Bora kichwa kile kishikwe na mikono inayojua. Nikachana, nikapaka, nikakusanya, bila kukiinamisha hata kidogo, nikichuchumaa mimi mwenyewe hadi magoti yakalia. Nikashika kamba kwa meno ya pembeni na kuvuta. Hapo, mdomo wangu ukiwa umefungwa, ndipo akaniuliza.

"Anauliza, kweli ulikuwa unakuna?" binti akasema. "Au ulikuwa unamwambia tu kwamba umekuna?"

Kamba ilikuwa bado menoni. Nilivuta, nikazungusha, nikafunga fundo, nikakata mwisho wa kamba. Muda wote huo alingoja.

"Nilikuna. Kila mara."

"Kwa nini, kama hakuhisi?"

"Alikuwa ananitazama usoni. Angejua."

Akaitikia kwa kichwa, kidogo sana, kama shingo ile ilivyomruhusu. Kisha nikamwambia neno langu la mwisho, na nilimwambia kwa ukali, jinsi ninavyowaambia wanangu: "Akija na kichwa, wewe ondoka. Kaa kando. Usigongane."

Msusi mzee alipofasiriwa hilo akatoa sauti kama amemwagiwa maji. Binti akaniambia kwamba kwao kukwepa mwanzoni ni mchezo wa woga. Sheria hairuhusu kukuadhibu, ila watu watakuzomea, na mtu wa cheo chake akifanya hivyo jina lake linachafuka.

"Basi lichafuke," nikasema.

Yule mkubwa akainuka. Alivaa mkanda wake, akatoka.

Nikasimama nyuma ya pazia na kafili wangu, aliyekuja Jeddah kujionyesha na marafiki zake. Akawa ananielekeza, "Yule, yule, huyo si wako?" Ukumbi umejaa, watu wamenyanyua simu. Chumvi ikarushwa. Wakachuchumaa. Kijana akaweka ngumi moja chini, macho yametoka. Mtu wangu akaweka ya kulia. Ya kushoto ikachelewa. Niliona akiitazama, akiipeleka chini kama mtu anayeshusha kikombe cha mtu mwingine. Nikashika pazia kwa mikono miwili. Ile ngumi ikagusa udongo.

Kijana akatoka kama jiwe. Na mtu wangu hakuwepo. Alipiga hatua moja kulia, mwili ule wote, kwa wepesi wa mtu anayempisha mama mlangoni. Kijana akapita, akaruka nje ya duara, akatua kwenye viti vya mbele miongoni mwa kanzu nyeupe na bilauri za maji.

Ukumbi ukalipuka. Watu wa Jeddah hawakujua kuna aibu. Walisimama, wakapiga makofi, wakacheka hadi wakapigana mabega. Kafili akanipiga mgongoni: "Mjanja! Wallahi mjanja!"

Upande wetu wa pazia, kimya. Wale wengine sita hawakutazamana. Msusi mzee ameinamisha uso kwenye plasta yake. Na mkuu wa kambi, mtu mzima mwenye mvi ambaye sikuwa nimemsikia akisema lolote tangu Riyadh, akasimama kutoka kitini.

Yule mkubwa aliposhuka ulingoni, mkuu wa kambi alimfuata hadi penye korido. Nilidhani atampiga. Alimwekea kiganja kisogoni, chini ya kishungi nilichokifunga mimi, akakiacha hapo. Akauliza jambo moja fupi.

"Amemuuliza, tangu lini," binti akaninong'oneza.

Katika maisha yake yote ya mieleka mtu yule hakuwahi kukwepa. Mkuu wake alihitaji kuona hatua ile moja tu, akajua yote.

Walimpeleka hospitali hapo hapo Jeddah. Daktari alimpiga picha nyingine, akasema asitikiswe, avalishwe kola ya shingo, na ulingo halas, basi tena. Mashindano mawili hakuyapata. Haki ya uzee hakuipata.

Kabla hawajaondoka aliniita. Alikaa kitini na kola yake nyeupe, nikamchana kwa mara ya mwisho, kwa kadiri kola ilivyoniruhusu. Msusi mzee alikuwa kigodani. Alinipiga kwenye vifundo kwa kitana, ta, bila sababu, kisha akanishika vidole vile vile akavikaza.

"Anauliza," binti akasema, "angegongana na yule kijana, angevunjika?"

Ningeweza kumdanganya. Ingemsaidia yeye, na mimi pia.

"Sijui," nikasema.

"Anasema na yeye hajui." Binti akamsikiliza tena. "Anasema labda angeinuka kama siku nyingine zote. Anasema atakuwa akilifikiria hilo hadi mwisho."

Hakunishukuru. Hakunilaumu. Aliweka mkono wake wa kushoto juu ya wangu, akautazama kwa makini ili ajue umefika.

Miezi kadhaa baadaye binti alinitumia video. Mtu wangu amekaa katikati ya ulingo amevaa rasmi, na watu wanapanda mmoja mmoja, kila mmoja anakata nywele kidogo kwa mkasi wa rangi ya dhahabu. Msusi mzee amesimama pembeni, mkono umepona. Mwisho akapanda mkuu wa kambi, akakata, kishungi kikatoka. Kichwa kilibaki kidogo, kama cha mtu mwingine. Akainuka mwenyewe. Akashuka ngazi mwenyewe, kwa miguu yake. Nimeitazama sehemu hiyo ya ngazi mara nyingi. Kila mara naogopa atajikwaa, ingawa najua hakujikwaa.

Binti anasema sasa yuko kwa baba yake, kwenye magurudumu.

Yule dereva wa Machakos bado huja. Juzi nilimnyoa, nikamfuta, nikampaka kolonya, nikakunja taulo.

"Na shingo, Mzee?"

"Mafi."

"Mafi vipi? Nimelipia shingo!"

"Nenda kwa jirani."

Akacheka, akadhani natania. Alikaa tu, amelegeza kichwa, amefumba macho, amenipa shingo yake. Mikono ilikuwa imeshanyanyuka yenyewe. Nikaitia mifukoni, nikasimama nyuma yake hadi alipochoka kungoja akainuka.